Akina Baba Wameletwa na Mwezi

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, walimu na makocha wa timu za vijana Jumamosi asubuhi, hapa Ujiji, Kigoma, kuhusu mapumziko ya watoto wanaocheza michezo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza kukohoa, na nimeongeza mawili matatu niliyoyakumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Assalamu alaykum. Mwakeye. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona.

Nafurahi kuona akina baba wengi kiasi hiki. Kwa kawaida nikiitisha mkutano wa michezo ya watoto wanakuja akina mama, na baba watatu wa kuhesabu, mmoja wao kapita njia. Leo viti vimekwisha, na sijidanganyi kwamba mmenifuata mimi. Mmeletwa na mwezi. Usiku wa jana ulikuwa mweupe pee, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi imelala Kibirizi, imelala Katonga, na ninyi mmelala majumbani kwenu kama watu wengine. Jana mchana nimewapita baadhi yenu mmekaa kwenye mchanga, nyavu mapajani, mnashona.

Basi nianzie hapo hapo. Mvuvi wa ziwa hili hakuna wa kumfundisha kazi. Anatoka jua likizama, anakesha na upepo, anarudi alfajiri mikono imechanika. Lakini kila mwezi una siku zake ambazo hatoki, na sijawahi kusikia mtu akimwita mvivu kwa siku hizo. Nyavu zinashonwa, mtumbwi unazibwa nyufa, taa zinafutwa masizi, mgongo unanyooshwa. Giza likirudi, anatoka na wavu mzima. Sasa nawauliza ninyi mnaoyajua haya kuliko mimi: mtoto wako wa miaka 13, anayepiga tizi kila siku ya Mungu, mbalamwezi yake ni lini?

Na ziwa lenyewe, jamani. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Tulinung'unika. Mimi nilinung'unika kuliko wengi, maana nyumbani kwangu tulikula maharage hadi mjukuu wangu akaniuliza kama mgebuka ni mnyama wa kwenye hadithi. Lakini sababu tuliielewa. Tukakubali kwamba maji mengi vile, ziwa la pili kwa kina duniani, nayo yanachoka. Halafu tukaenda uwanjani kumfokea mtoto wa darasa la sita kwa sababu amesema goti linamuuma.

Nasema tukaenda, kwa sababu na mimi nilikuwepo. Niwaeleze.

Miaka ya nyuma nilifundisha timu ya shule moja, sitaitaja. Nilikuwa na kijana wa miaka 14, winga wa kulia, mwepesi kama swala, mguu wake ukigusa mpira watu wanasimama. Kijana huyu alikuwa na kinundu chini ya pia ya goti la kulia, ukubwa wa korosho. Kila tukimaliza mazoezi anakwenda kukaa kwenye jiwe moja nyuma ya goli, ananyoosha mguu, anakibonyeza kile kinundu kwa kidole gumba, anakunja uso. Nilimwona. Nikamwambia, magoti yanawauma wazee, wewe yanakuumaje? Nikampaka dawa ya kuchua, nikamfunga bendeji, nikamrudisha ndani. Likizidi nampa vidonge viwili vya maumivu. Nilijiona daktari.

Yakaja mashindano. Mnajua yanavyokwenda: shule, kata, wilaya, kisha mkoa, kila hatua imebanana na ya nyuma yake. Alicheza mechi 6 katika siku 8. Mechi ya sita, nusu fainali, dakika za mwisho, akaruka kupiga kichwa. Hakuna aliyemgusa. Alipokuwa anajinyanyua tu tukasikia mlio, kama mtu amevunja ukuni mkavu kwenye goti lake, na kweli lilikuwa goti. Hospitali daktari akaniwekea picha ya eksirei kwenye mwanga, akanionyesha kipande cha mfupa kilivyong'oka mahali pale pale palipokuwa na korosho yangu. Akaniuliza, hili lilikuwa linamuuma tangu lini? Sikumjibu. Mama yake kijana alikuwa amesimama pembeni yangu, na yeye jibu alikuwa nalo.

Leo kijana yule ni mtu mzima, anaendesha bodaboda hapa hapa mjini. Breki ya nyuma ya pikipiki inakanyagwa kwa mguu wa kulia, mnajua. Yeye hushika ya mkono tu. Nilipanda kwake mwezi uliopita tukishuka kutoka Mwanga, na kila tulipokaribia kona niliutazama ule mguu, umekaa tu pale kwenye pedeli, haukanyagi. Hatukuzungumza habari za mpira.

Nusu fainali yenyewe tulifungwa.

Sasa niwaeleze nilichojifunza baadaye, kwa aibu ya kuchelewa. Mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliofupishwa. Karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu, laini, na hapo ndipo urefu unapotoka. Kano kubwa ya goti imejishikiza kwenye muundi, juu ya sehemu kama hiyo ambayo bado haijakomaa. Kila mtoto anapokimbia, anaporuka, anapopiga shuti, kano inavuta pale. Akipewa muda, mwili unapatengeneza. Asipopewa, panavimba, panauma, panatokea kinundu. Madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, waliyaeleza maradhi haya mwaka uleule wa 1903, kila mmoja kwake, na mpaka leo yanaitwa kwa majina yao. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 10 na 15 walio kwenye kurefuka. Kisigino nacho kina ya kwake ya namna hiyo. Na mara nyingi dawa ya kwanza ni kupunguza mchezo mpaka maumivu yatulie. Ile ile niliyomnyima mtoto wa watu.

Lipo jambo ambalo makocha wengi tunalielewa kinyume. Tunadhani mtoto anapata nguvu uwanjani. Uwanjani anazitumia. Ukikimbia mizunguko kumi, nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo na akiba ya chakula iliyomo ndani yake inakwisha. Kuziunga nyuzi na kurudisha akiba kunachukua siku nzima, mara nyingine mbili, na mwili unapounga huongeza kidogo juu ya ilivyokuwa. Hicho kidogo ndicho tunachokiita mazoezi kumkolea mtu. Ukimrudisha kabla ya kuunga, unachanika ule ule mchaniko wa jana. Ninyi mnaofyatua matofali huko Mwandiga hamuwezi kulitoa tofali kwenye kibao saa 4 asubuhi mkalitia tanuruni saa 8 mchana. Litapasuka, na hamtasema tofali lilikuwa legelege.

Sasa naomba chaki.

(Hapa niliandika ubaoni wiki ya mtoto mmoja. Ni mtoto wa kweli, jina nimelihifadhi, na baba yake alikuwepo na alikuwa ameniruhusu.)

Huyu ana miaka 13. Timu ya shule anafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2 kila siku. Hizo ni 6. Jumanne na Alhamisi yuko na timu ya mtaa, saa moja na nusu kila siku. Zinakuwa 9. Jumamosi mechi, Jumapili mechi, saa mbili mbili pamoja na kupasha misuli. 13. Halafu kocha wa mtaa amewaambia wakimbie asubuhi kabla ya shule, nusu saa, siku tano. 15 na nusu. Nionyesheni siku ambayo hajavaa viatu vya mpira. Hakuna. Na kocha wa shule akimuuliza, anaambiwa mimi kwa wiki nina mazoezi matatu tu. Kocha wa mtaa naye anaambiwa mawili. Kila kocha ana hakika kwamba yeye ndiye mpole.

Kuna watafiti wa Chicago, nchini Marekani, walifuatilia vijana wapatao 1,200 wanaocheza michezo. Waliona kwamba kijana anayefanya mchezo wa kupangwa kwa saa nyingi kwa wiki kuliko idadi ya miaka yake anajiweka pabaya zaidi kwa yale majeraha mazito yanayotokana na kuuchosha mwili. Hesabu rahisi, hata mimi naiweza. Miaka 13, saa zisizidi 13. Miaka 10, saa 10. Na nasema umri wa kweli, siyo ule wa kwenye fomu ya mashindano. Hapo mmecheka, lakini fikirini: mtoto wa miaka 12 halisi anapangwa kukimbizana na mwenye ndevu aliyeandikishwa miaka 14. Wote wawili wameandikwa sawa. Miguu haisomi fomu.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinashauri mtoto apate siku moja au mbili kila wiki asizofanya mchezo wake kabisa. Na katika mwaka apate miezi miwili au mitatu nje ya mchezo huo, hata kama ni mwezi mmoja mmoja uliotawanyika. Miezi, ndugu zangu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika.

(Hapa mama mmoja wa mstari wa tatu alisimama bila kuomba ruhusa, akauliza: "Na maji, mwalimu? Umeyahesabu?" Ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa nimeandaa kulisema hili mwishoni, lakini alinitangulia, na alilisema vizuri kuliko mimi.)

Mama, ahsante. Hapana, sijayahesabu, na Wamarekani pia hawajayahesabu. Wale watoto wa Chicago wanateremka kwenye gari la baba, wanacheza, wanapanda gari. Binti yako mcheza netiboli kabla ya shule amekwenda bombani mara mbili na ndoo ya lita 20. Hiyo ni kilo 20 kichwani, shingoni, kiunoni, magotini, na njia ya mlima. Kisha anatembea kwenda shule. Kisha netiboli, mchezo wa kuruka na kusimama ghafla. Kisha kuni. Mvulana huyu wa ubaoni, Jumamosi kabla ya mechi, amebeba mikungu ya chikichi ya baba yake hadi kwenye mashine ya mawese. Yote hayo mwili unayaandika kwenye daftari moja. Hauna ukurasa wa kazi za nyumbani na ukurasa wa michezo.

Sisemi watoto wasifanye kazi. Sote tumebeba ndoo. Nasema siku ya mapumziko ikipangwa, isigeuke siku ya kulima. Tulifanya hivyo mwaka mmoja. Nilitangaza Jumatano hakuna mazoezi, wazazi wakafurahi sana, nikadhani wameelewa. Alhamisi watoto wakaja na malengelenge ya jembe.

Usingizi sasa. Hapa nina ugomvi na kibanda umiza. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki kwetu zinaanza saa 4 au saa 5 usiku. Zinaisha saa 6, saa 7. Mtoto anarudi nyumbani kwa kunyata, na saa 11 alfajiri anatakiwa akimbie. Usingizi wote alioupata ni wa saa 4 au 5 tu. Madaktari wa usingizi wanasema wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 mpaka 12, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 mpaka 10. Na wanasema hivyo kwa sababu: homoni ya ukuaji, ile inayorefusha mfupa na kuunga msuli, kwa sehemu kubwa humwagika mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Unampeleka mtoto kuangalia wachezaji wakubwa, na unamnyang'anya kile kitakachomfanya awe mkubwa.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wanafunzi wanamichezo 112 wa shule moja ya Los Angeles. Waliokuwa wanalala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Na wa pili ninaoupenda zaidi ni wa wachezaji 11 wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliambiwa walenge kukaa kitandani saa 10 kila usiku, kwa wiki 5 hadi 7. Mbio zao za kwenda na kurudi uwanjani, zilizokuwa zinawachukua sekunde 16.2, zikashuka hadi 15.5. Mitupo ya huru nayo ikaingia zaidi. Kilichoongezwa ni kitanda.

Kwa sisi wa Ujiji kuna Ramadhani ndani yake. Mtoto amefunga, amekula futari, amekwenda tarawehe, ameamshwa daku. Usingizi umekatwa vipande viwili. Kocha anayeshikilia ratiba ya kawaida mwezi ule, hata kama amesogeza saa, hajapunguza kitu. Mimi siku hizi nakata nusu, na pale palipobaki tunachezea mpira tu, pasi na kona, hakuna kukimbizana. Makocha wenzangu Wakristo, msisubiri mtoto aseme. Hatasema. Anaogopa mtamtoa kikosini.

Nipite haraka kwenye malaria, maana mnaijua. Kigoma tumo katika mikoa inayoongoza, Tabora vilevile. Mtoto anapimwa, anapewa dawa mseto, anameza siku 3, homa inashuka, na siku ya 4 kocha anampigia baba simu kumuulizia. Homa kushuka ni kitu kimoja. Damu iliyoliwa hairudi kwa siku 3. Ukimkimbiza na damu pungufu, moyo wake unafanya kazi ya mioyo miwili. Mwacheni wiki, aanze kwa kutembea, kisha kukimbia taratibu, na mhudumu wa afya amwone kabla ya mechi.

Na hili nitalisema bila kupepesa macho, akina baba mnisamehe. Binti anayefanya mazoezi makali na kula kidogo anaweza kukosa siku zake. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Najua wengi wenu mtawaza mimba kwanza, na fimbo itatangulia maswali. Mpelekeni kituo cha afya, apimwe kwa heshima. Mara nyingine maana yake ni kwamba mwili umeona chakula hakitoshi ukazima taa za vyumba visivyo vya lazima, na mifupa yake inapungua uimara huku anashangiliwa. Binti huyo anahitaji mapumziko na sahani ya ugali wa muhogo na dagaa. Fimbo haimo.

Nimekwenda mbali na wengine mnatazama saa. Lakini kuna neno nililoambiwa na mzazi mmoja nikiwa mlangoni, nisilipite. Aliniambia, mwalimu, mtoto akipumzika njaa haipumziki. Mpira ndiyo njia pekee tuliyoiona ya kututoa hapa mwisho wa reli. Siku msaka vipaji akija, wangu asiwepo?

Sina jibu la kumfuta machozi. Ni kweli mpira umewatoa watu Kigoma hii. Juma Kaseja alizaliwa hapa, akaja kuwa kipa wa Taifa Stars kwa miaka na miaka. Najua pia kwamba mtoto asiye na kazi huokotwa na wenye kazi mbaya. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mumfungie ndani. Siku ya mapumziko aogelee ufukweni mkiwa mnamwona, acheze bao na babu yake, aendeshe baiskeli hadi kwa shangazi, acheze kombolela hadi achoke kwa namna yake mwenyewe. Asipangiwe, asihesabiwe, asifokewe. Lakini nikuambie, baba yangu, kuhusu huyo msaka vipaji. Anakuja siku moja. Ukimtumia mtoto siku zote 364 zilizotangulia, siku hiyo utamletea mguu uliokwisha.

Mwaka 2025 sote tulimwona Alphonce Simbu kule Tokyo. Kilomita 42 zimekwisha, imebaki mita chache, na yeye na Mjerumani Amanal Petros wanapewa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi kuangalia picha. Sekunde 0.03 ndizo zilizomtenganisha na fedha, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha. Kabla ya hapo alikuwa wa pili Boston, mwezi Aprili. Aprili hadi Septemba, karibu miezi 5. Mtu wa kiwango chake anakimbia marathoni mbili kwa mwaka, tatu zikizidi. Mwanamume mzima, analipwa, ana kocha na ratiba, na anapata muda wa kujijaza tena kabla ya kushindana. Yule mtoto wetu wa ubaoni anashindana mara mbili kila wiki.

Na kichwa nacho kinachoka. Simone Biles wa Marekani, bora kuliko wote katika sarakasi za jimnastiki, alijitoa kwenye fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akasema akili yake haiko sawa na anaweza kuumia. Watu walimtukana. Akakaa pembeni miaka miwili, akarudi, na Paris 2024 akachukua dhahabu 3 na fedha 1. Watoto wetu hawatafanya mkutano na waandishi. Wao wataanza kuja wamechelewa, watasahau viatu, watasema tumbo linauma kila Jumatatu, watagombana kwa kitu kidogo, mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani yatakuwa juu kuliko kawaida yao siku mbili tatu mfululizo. Sisi tutasema ameharibika, ameanza wanawake. Huenda amechoka tu.

Haya, mambo ya kufanya, nimalize.

Pale mlangoni kuna madaftari 40, nimeyanunua mwenyewe, msinipe pole. Kila mtoto anayecheza achukue moja. Ni lake, si la timu. Ukurasa wa mbele andikeni umri, na narudia, wa kweli. Kila siku aandike amefanya nini na kwa saa ngapi: shule, mtaa, bonanza, shamba, ndoo. Aandike alilala saa ngapi na wapi panauma. Daftari linakwenda naye kwenye kila timu, na kocha yeyote kabla ya kumkimbiza analifungua. Mkiona saa zimefika miaka yake, mazoezi yamekwisha wiki hiyo, hata kama mechi ni fainali. Makocha watatu tumeshakubaliana. Wa nne bado ananinunia, yuko hapa, nitamwita baadaye tunywe chai.

Jumapili timu za vijana hazichezi wala hazifanyi mazoezi. Mwezi wa 12 hakuna mpira wa kupangwa kabisa, na mashindano ya shule yakiisha kila mtoto aliyefika ngazi ya mkoa anakaa mwezi mzima. Tumeiandika, imebandikwa ukutani. Wanaotaka kumkodisha mtoto kwenye ndondo ya mtaa wa pili kwa sababu kwetu kumefungwa, nawajua kwa majina.

Mwenye kinundu chini ya goti, au anayechechemea asubuhi akitoka kitandani, aje kwangu leo kabla hajaondoka. Wewe wa karibu na mlango, mwenye jezi ya bluu, nilikuona unavyopanda ngazi.

Kesho hakuna mazoezi. Tutaonana Jumatatu saa 10 jioni. Na akina baba, nimeuliza: giza linarudi wiki ijayo, mtatoka ziwani, kwa hiyo mkutano unaofuata nimeupanga mbalamwezi nyingine.